Unyoya wa Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alikuwa haoni baridi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniudhi kwanza. Kipupwe cha Takaungu watu wa bara hukicheka, lakini sisi tuliozaliwa na jua mgongoni, kusi ikivuma na manyunyu yakianza alfajiri, hatutoki ndani mpaka uji uchemke. Yeye alitoka. Alijifunga kaniki, akaipandisha juu ya magoti, akachukua ufito wake wa mwanzi, akashuka mtoni ukungu ungali umelala juu ya maji. Mimi kitandani, shuka mpaka puani, nikimsikia akiondoa komeo la mlango wa ua polepole asituamshe. Hata upole huo uliniudhi. Mtu akienda zake na apige kelele, wenzake wapate la kusema.

Simtaji jina. Wajukuu zangu huniuliza, "Bibi, huyo aliitwa nani?" Mimi nilimwita Bi Mkubwa, naye akaniita mwenzangu, na majina hayo yalitutosha. Kwao wapi, babake nani, hayo waulizeni wanaohesabu koo. Mimi nilisoma chuoni juzuu chache tu, naandika niliyoyaona.

Mto ninaousema si wa maji matamu. Ni mkono wa bahari ulioingia bara ukanyamaza huko ndani kati ya mikoko, umetulia kama ziwa. Miezi ile bahari kuu ilichafuka, samaki mjini hakuna, watu wakila kunde na ng'onda, samaki wa kukausha, mpaka ng'onda nayo ikawachoka. Lakini ndani ya mto kolekole walikuwa wakiingia kufukuza dagaa, na hao ndio aliowataka.

Na hakuwavua kwa chambo kama waja wengine. Alichukua ndoana ndogo, akaifunga unyoya wa jogoo mweupe kwa hariri nyekundu, akaongeza singa chache za ndevu za mbuzi, basi. Ukikiona kidude hicho mkononi ni takataka iliyopeperushwa na upepo. Alikitia mdomoni kikalowa, akasema bismillahi, akaurusha mshipi nyuma ya bega kisha mbele, na ule unyoya ukatua juu ya maji kama kidege kilichochoka. Halafu akauvuta kwa vidole vya kushoto, vuta acha, vuta acha. Maji yaliyokuwa kimya yakapasuka.

Hariri aliipata kwa mume wetu, aliyekuwa akishona kofia na kanzu barazani. Mimi nikiomba uzi wa kushonea leso iliyochanika, ataniuliza, "Urefu gani?" Yeye haulizwi. Kikapu cha nyuzi kiliwekwa upande wa mlango wake, wazi. Mume wetu akisema ni kwa sababu ya mwanga. Mwanga gani? Jua la nyumba ile lilipita upande wangu.

Siku moja nilimuuliza, huku nampara samaki wake, "Bi Mkubwa, hawa wana njaa gani hata wale manyoya?"

"Hawana njaa. Mpasue uone."

Nikampasua. Tumbo limejaa dagaa mpaka kooni.

"Kolekole akiwa peke yake," akasema, "ataupita unyoya wangu kama hauoni. Wakiwa wawili, ndipo. Kila mmoja anaogopa mwenziwe asimtangulie. Samaki akishiba, mwenzangu, humeza kwa wivu."

"Unanisema mimi?"

"Nasema samaki."

"Basi sema samaki, nami nipare samaki."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha chini, cha mtu aliyeficha kitu mdomoni, na mara nyingi kweli alikuwa ameficha: ule unyoya wake.

Nilipoletwa nyumba ile nilikuwa msichana, hina haijatoka kuchani. Mama mkwe sikumkuta, alikwisha fariki, na katika uhai wake hakumwachia mtu chungu chake hata kukikoroga. Baada yake chakula kilitoka kwa wifi yetu, dadake mume wetu, aliyekaa nyumba ya pili na aliyekuwa amechoka kutupikia. Wifi yule alikuwa na ulimi wa wembe. Harusi haijapoa, akaja akasimama uani mbele ya majirani.

"Jiko moja haliwi na wapishi wawili. Kesho mtanipikia, kila mtu na chungu chake. Na huyu mkubwa akijua kupika, huyu mdogo ndugu yangu alimuoa wa nini? Na arudi kwao Malindi."

Mnaosoma leo mtasema ni mzaha. Kurudishwa kwenu na hina mkononi haukuwa mzaha. Babangu asingenifungulia mlango.

Kesho yake nikapika mchuzi wa nazi, kwa haraka ya hofu hata tui likamwagika. Bi Mkubwa akapika wali, na wali ukaungua. Sisemi ukoko, ule mtamu wanaougombania watoto. Uliungua mpaka juu, moshi ukajaa uani, majirani wakaja kuuliza kwema. Wifi akaonja mchuzi wangu. Akaonja punje za wali, akazitema.

"Haya. Jiko la mdogo."

Bi Mkubwa akainamisha kichwa. "Mimi si mpishi, wifi. Mpishi ni mwenzangu."

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Na tangu siku ile, kama kuna kitu kimoja nilichomshinda mwanamke yule, kilikuwa hicho. Akiwa na mto, mimi nina jiko. Akiwa na hariri, mimi nina mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyokuja nayo kutoka kwetu, na hakuna mwingine aliyeikalia.

Lakini ushindi wenyewe ulikuwa na doa. Samaki aliwaleta yeye. Mimi nikune, nikamue, nitie ndimu na pilipili, nilie kwa moshi, kisha mume wetu atie tonge mdomoni na kusema, "Mashallah, kolekole huyu!" Kolekole! Sifa zote zikateremka mtoni. Naye Bi Mkubwa akisema, "Samaki ni samaki tu, baba. Sifu chungu." Hapo mume wetu akanigeukia, "Na chungu pia." Hakuna sifa chungu kuliko ya kuombewa.

Bi Mkubwa alikuwa mtu wa kupingana mwenyewe kwa mwenyewe. Alisimama majini mpaka mapajani, lakini chombo hakupanda, akisema bahari ina kina na yeye hana. Mtu aliyewadanganya samaki mchana kutwa, watu hakuwadanganya. Ukimuuliza kama leso yako mpya imekupendeza atakwambia haikukupendeza, hata siku ya Idi. Alipogawa samaki alianza kwa majirani, nyumbani akaleta waliobaki, na waliobaki mara zote walikuwa wakubwa kuliko aliowagawa. Nilimwambia huo ni ujanja. Akasema majirani wana vyungu vidogo.

Na alikuwa bahili wa jambo moja. Nilimwendea mara moja tu, kwa ulimi mzito, maana sikuumbiwa kuomba.

"Nifundishe."

"Nini?"

"Unyoya."

Akanitazama. "Una jiko, mwenzangu."

"Nataka na mto."

"Ukija mtoni, na mimi nitatakiwa nije jikoni."

"Na huko huwezi."

"Na huko siwezi," akasema, akachukua ufito wake akaenda.

Sikumuomba tena. Nilimtazama. Nikienda kuokota kuni nilipita kwenye mikoko, nikasimama, miguu imeganda matopeni, nikatazama jinsi alivyozungusha uzi, jinsi alivyoukaza kwa meno, jinsi bega lilivyotangulia mkono. Wivu una macho kuliko mapenzi. Mapenzi hufumba.

Sasa kisa cha hirizi. Wifi alikisimulia mpaka kufa kwake, lakini alikipotoa, na mimi nakiweka sawa.

Nilikuwa nafagia chumba cha Bi Mkubwa. Juu ya mto wake wa kulalia palikuwa na kifuko cha ngozi. Nikakifungua. Unyoya mweupe, hariri nyekundu kutoka mkononi mwa mume wetu, na katikati yake nywele nyeupe, ngumu, za kidevuni. Mume wetu ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. Unyoya wa kuvulia naujua, lakini huo haulali kitandani. Niambieni nyinyi, mngedhani nini? Mtu aliyezaliwa pwani hii angedhani lile lile. Mume amefungwa! Ndiyo maana kikapu cha nyuzi kiko mlango ule!

Nikakifunga kwenye upindo wa leso, mbio mpaka kwa mwalimu wa mtaa wetu, mzee mcha Mungu, mwenye vidole laini vya kufungua vitabu.

"Mwalimu, mume wangu amefungwa ndani ya hiki. Mfungue."

Akasoma, akatema pumzi, akaanza kufungua ule uzi pole pole. Mara akaruka. "Ya Rabbi! Kinauma!" Ndoana imeingia kidole gumba, ndani kabisa. Akavuta, ikazidi. Wanafunzi wake wakaingia wakapiga mayowe kuwa hirizi imemng'ata mwalimu. Nusu ya mtaa ikajaa mlangoni, na katika nusu hiyo akapita Bi Mkubwa, kaniki yake inachuruzika maji, akaketi mbele ya mwalimu akamshika mkono.

"Usivute, mwalimu. Anayevuta ndiye anayeumia."

Akaisukuma ndoana mbele, ikatokea upande wa pili, akaikata ncha kwa koleo, akaitoa kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Mwalimu akapangusa jasho.

"Huu si uchawi," akasema. "Hizi ni ndevu za mbuzi. Huu ni udanganyifu tu."

"Basi samaki wangu haramu, mwalimu?"

"Samaki halali. Uongo ni wako mwenyewe, utaulizwa."

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Nilingoja anitukane. Ukinitukana najua pa kukushika. Alingoja mpaka nimepakua mchuzi, akasema taratibu, mume wetu akiwapo, "Miaka yote ninavua, mwenzangu, na samaki mkubwa kuliko wote nimempata leo, tena kwa mkono wako." Mume wetu akapaliwa na wali. Mimi nikaondoka na chungu. Na mpaka leo nasema: mwenye kufunga manyoya kwa uzi mwekundu na kuyaweka kitandani, yatakayosemwa kayataka mwenyewe.

Kabla ya vita vya Mjarumani alikuja Mzungu wa mashamba ya mpira, ng'ambo ya mto. Asubuhi moja ya manyunyu alimkuta Bi Mkubwa majini, akakaa kwenye jiwe, koti limelowa, akatazama mpaka tukadhani ana homa. Mimi na wifi tulikuwa karibu, tunaosha vyombo. Mwisho akasema maneno mengi, na mpishi wake, mtu wa Tezo, akatufasiria.

"Anasema kwao kuna maziwa milimani. Maji yake, ukitia mkono, huusikii tena. Wanaume husimama humo mpaka kiunoni, mvua inawanyea, wakirusha manyoya kama yako. Samaki wao wana madoa mekundu ubavuni."

"Wana njaa sana huko?" wifi akauliza.

"Hawana. Wengine wakimpata humtazama tu, wakamrudisha majini."

"Astaghfirullah! Hao si wavuvi, hao wagonjwa."

Lakini Bi Mkubwa alikuwa ameshusha ufito. "Muulize, hao samaki wa madoa nao huja wawili wawili?"

Mpishi akauliza. Mzungu akacheka, akaitikia kwa kichwa kuwa ndivyo, akatoa kikopo mfukoni, na ndani ya kikopo akachagua unyoya wa hudhurungi wenye madoadoa, wa ndege tusiyemjua, akampa. Bi Mkubwa akaushika kiganjani kama kifaranga.

"Kumbe tuko wengi," akasema.

Nilimwaga maji ya vyombo kwa nguvu. Miaka yote ananiita mwenzangu, na siku ya kupata wenzake akawapata kwenye ziwa la baridi la Ulaya! Mimi niliyelala ukuta mmoja naye, niliyempara kila samaki wake, sikuwa katika huo wingi. Unyoya ule hakuvua nao. Aliuweka katika kile kifuko, na safari hii sikukigusa.

Vita vikaja vikaisha, na nyuma yake homa ile iliyopita kila nyumba. Mume wetu akaenda nayo. Tulikaa eda chumba kimoja, wajane wawili, na hatukugombana, maana hapakuwa na wa kusikia. Eda ilipokwisha nikarudi Malindi kwa kakangu. Katika kufunga mizigo nikasahau mbuzi yangu.

Kipupwe kilichofuata nikafuatana na watu wanaokwenda Takaungu. Nilisema nakwenda kuchukua mbuzi. Kakangu akasema Malindi mbuzi zimejaa. Nikamwambia hii ni yangu.

Nilifikia kwa wifi kwanza. Alikuwa amezeeka ghafla, ulimi umepungua makali, akanishindilia mkate wa kumimina na mihogo mpaka nikawa sipumui. "Nenda umuone," akasema. "Macho yamekwisha. Lakini maji hajayaacha."

Nilimkuta palepale, ukingoni, amekaa. Manyunyu yanampiga naye hana habari. Macho yameingia ukungu kama ule wa mtoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuchukua mbuzi."

"Nimekuja kuchukua mbuzi."

"Ipo. Kaa." Akanipapasia jiwe. "Unyoya wangu umekatika na uzi siuoni. Nifungie."

Akatoa kile kifuko, na ndani yake ndoana, uzi, singa na ule unyoya wa madoadoa wa Mzungu. Nikachukua. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa kwa baridi, lakini vilijua njia. Nikazungusha, nikapitisha singa chini, nikakaza kwa meno. Nikampa. Akaupapasa, akaupitisha mdomoni, akakigusa kifundo kwa ulimi.

"Nani kakufunza?"

"Hakuna. Nilikutazama."

"Ulinitazama sana."

"Sana."

Akaufunga unyoya kwenye mshipi kwa kupapasa. Kisha akanipa ufito. "Basi tupa wewe. Mimi leo nitapika."

Nilicheka. Wewe upike! Lakini ufito ulikuwa mkononi mwangu na sikutaka abadili shauri. Nikapandisha leso, nikaingia. Baridi ikanishika miguu kama koleo. Nikalitanguliza bega, mkono ukafuata, unyoya ukaenda ukatua vibaya, nikauvuta, nikatupa tena, na tena, mpaka ukatua vizuri. Vuta acha, vuta acha. Nikaona kivuli nyuma yake. Halafu kivuli cha pili. Nikasahau baridi. Maji yakapasuka, ufito ukapinda, na Bi Mkubwa aliyekuwa haoni akapiga kelele, "Usimpe uzi! Tembea naye! Rudi nyuma!" Nikarudi nyuma mpaka nikaanguka matopeni, na kolekole yuko nchi kavu mbele yangu, anameta.

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri: leo nimekamilisha. Jiko langu, na mto wangu.

Alimpika uani, mimi nimekaa na nguo mbichi, nikingoja moshi. Aliikalia mbuzi yangu bila kuniuliza, akakuna kwa kupapasa, na nazi ikaanguka laini kama unga. Samaki hakumtia chunguni mbichi kama nifanyavyo. Alimbanika kwanza kwa makumbi ya nazi, akamgeuza kwa kunusa. Ukwaju hakugusa, alitwanga birimbi. Tui zito alilitia mwisho, akainamisha sikio, akasikiliza chungu, na kabla halijachemka akaliepua. Na wali, akauweka mbele yangu, punje moja moja, mweupe, haukushika chini hata kidogo.

Nikaonja.

Nimepika maisha yangu yote. Watu wameniita kwenye harusi zao niwapikie. Najua ninachokionja. Mchuzi ule ulikuwa mbele yangu hatua nyingi, na mkono ule haukuanza kupika jana.

Nikaweka tonge chini.

"Bi Mkubwa."

"Naam, mwenzangu."

"Na ule wali?"

"Wali upi?"

"Wali ulioungua. Mbele ya wifi."

Alikuwa akipapasa ukingo wa bakuli lake, akitafuta kijiko. Akakipata.

"Moto ulikuwa mkali," akasema.

Nikamtazama usoni, na yeye hakuweza kuona kuwa natazamwa. Hata jiko! Kitu changu kimoja, ushindi wangu mmoja, nao ulikuwa wake, kanipa kwa moshi, akainamisha kichwa, akanyamaza miaka yote hiyo huku akinisikia nikijisifu. Sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea wakati ule. Mihogo ya wifi ilikuwa ingali imenijaa kifuani, pa kuweka tonge hapakuwapo.

Nikamaliza. Nikalisukuma bakuli mbele yake.

"Ongeza," nikamwambia.